Magofu na Mahame: Ziara za Kuongozwa na Historia Inayopitwa Njiani katika Kibaha na Kisarawe

Utangulizi

Kiswahili hutofautisha gofu na hame. Gofu ni jengo lililobomoka likabakiza kuta. Hame ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa, hata kama hapana jiwe wala ukuta uliosalia. Tofauti hiyo, ambayo kwa mtazamo wa haraka ni ya kikamusi tu, ndiyo inayobeba hoja ya makala haya kuhusu ziara za kuongozwa ambazo wageni binafsi hufanya katika pwani ya kati ya Tanzania ili kuona mabaki ya kale na miji ya kihistoria.

Ziara ya kawaida ya namna hiyo hutoka Dar es Salaam asubuhi, hufuata barabara ya kaskazini hadi Bagamoyo umbali wa kilomita 70 hivi, huonyesha misikiti na makaburi ya Kaole, nyumba za mawe za Mji Mkongwe na majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha hurejea jioni. Kibaha na Kisarawe, ambazo zimo katika Mkoa huohuo wa Pwani na zinapakana na jiji upande wa magharibi na kusini-magharibi, hazimo katika ratiba hiyo. Mgeni anayekwenda mbuga ya Mikumi huiona Kibaha kupitia dirisha la gari. Kisarawe humjia, ikiwa itamjia, kama msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, yaani kama mazingira ya asili na wala si kama mahali pa historia.

Inadaiwa hapa kwamba kuachwa huko hakutokani na uhaba wa historia. Kunatokana na mazoea ya kuihesabu historia kwa mawe, na pia na njia ambayo waongozaji wa leo wameirithi kutoka kwa wasafiri waliowatangulia. Bara ya Uzaramo, ambamo Kibaha na sehemu kubwa ya Kisarawe zimo, iliwalisha wakazi wa miji ya pwani, iliwatoza na wakati mwingine iliwalinda. Anayeonyeshwa Kaole bila kuonyeshwa bara hiyo huonyeshwa nusu ya jambo.

Msafara wa 1857 na njia iliyohamishwa

Si sahihi kuichukulia ziara ya kuongozwa kama kitu kilicholetwa na utalii wa kisasa. Richard Burton na John Speke walipoondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, hawakujitafutia njia. Said bin Salim aliwekwa kuwa mkuu wa msafara kwa idhini ya utawala wa Zanzibar; mbele ya wapagazi alitembea kiongozi wa njia, ambaye Burton anamwandika kwa umbo la kirangozi, akiwa amebeba bendera nyekundu; na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa India akiwa mtumwa na kurudi akiwa huru, aliwasiliana na Speke kwa Kihindustani. Walichokiona wazungu hao wawili kilitegemea kwa kiasi kikubwa mahali ambapo watu hao waliamua kupita, kupiga kambi au kuharakisha.

Msafara uliambaa na mto Kingani, yaani Ruvu, ukaingia Uzaramo. Katika kituo cha Nzasa wakuu wa Wazaramo walifika kuhoji nia ya wageni kabla hawajaendelea na safari. Burton aliandika vyeo vyao, akianza na pazi na kufuatia mwene goha, na akaeleza hongo waliyoitaka kwa misafara. Maelezo yake yamejaa dharau ya zama zake, na mtafiti analazimika kuyasoma kwa hadhari. Hata hivyo, yanathibitisha jambo moja asilokusudia kulithibitisha: kwamba nyuma ya ufuko palikuwa na mamlaka iliyojua mipaka yake, iliyokuwa na vyeo vilivyopangwa, na iliyoweza kumzuia mgeni mwenye bunduki hadi ajieleze.

Sifa ya hatari iliyotangulia safari hiyo ilitokana zaidi na kifo cha Maizan, afisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, aliyeuawa mwaka 1845 Dege la Mhora, katika Uzaramo, kwa amri ya mkuu aitwaye Mazungera. Mazungera mwenyewe hakukamatwa. Kwa mujibu wa Burton, aliyetiwa minyororo Zanzibar ni mtu mmoja aliyepiga ngoma wakati wa mauaji hayo. Kisa hicho kilirudiwa na wasafiri kiasi kwamba nchi nzima ikajulikana Ulaya kwa kifo kimoja.

Speke alipita Uzaramo tena mwaka 1860 akiwa na James Grant. Lakini Henry Morton Stanley, alipoanza safari ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alivuka Kingani upande wa Kikoka na kushika njia ya Ukwere, kaskazini zaidi. Vitabu vya Stanley vilisomwa na watu wengi kuliko vya wote waliomtangulia, na njia ya kaskazini ndiyo iliyokaa katika fikra za wasomaji kama njia ya misafara. Tanzania ilipowasilisha mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, vituo vilivyotajwa vilikuwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha hiyo haina kosa la ukweli: vituo hivyo vyote vilikuwapo na vilikuwa na uzito. Hata hivyo, kutoka Bagamoyo inarukia Mamboya, na Uzaramo haimo. Jina la Nzasa lenyewe sasa linapatikana zaidi ya mahali pamoja, hata Temeke, na anayetaka kuifuata njia ya 1857 kwa miguu hukutana na tatizo hilo mapema.

Kanda la Pazi

Mwongozaji wa Kaole kwa kawaida huanza na bahari. Husimulia Washirazi, majahazi, bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye minara ya makaburi, mbuyu mkongwe na kaburi la Sharifa. Uchimbaji wa Neville Chittick, uliofanyika mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya yeye kuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika, uliyaweka majengo hayo katika karne ya 13 na zile zilizofuata. Simulizi la asili ya ng'ambo lilifaa mawazo ya wakati huo, na bado linapendeza kusikika.

Tangu wakati huo akiolojia imeelekea bara. Felix Chami, katika tasnifu yake aliyoitoa Uppsala mwaka 1994, alionyesha kwamba jamii za wakulima na wafua chuma zilizotengeneza vyungu vyenye mapambo ya pembetatu zilizochanjwa ziliishi pwani na bara yake katika milenia ya kwanza, na kwamba miji ya baadaye ilikua kutoka kwao. Kabla ya hapo, utafiti wake wa Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, ulifichua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Hakuna ukuta katika maeneo hayo. Kuna vigae, taka za chuma na udongo uliobadilika rangi, vitu ambavyo mgeni aliyelipia ziara ya siku moja huvikanyaga bila kujua.

Uhusiano wa miji na bara katika karne zilizofuata umehifadhiwa katika simulizi za Wazaramo na Washomvi. Simulizi hizo zinaeleza kwamba Washomvi wa pwani, waliposhambuliwa na watu wanaoitwa Wakamba, waliomba msaada kwa Pazi Kilama, na kwamba baada ya ushindi walikubali kumpa kila mwaka kodi iliyokuja kuitwa kanda la Pazi. Wanahistoria wamejadili Wakamba hao walikuwa nani. Lililo muhimu kwa hoja iliyopo ni mwelekeo wa malipo: mali ilitoka kwa wenye ufuko ikaenda kwa mkuu wa bara. Kwa maneno mengine, mji wa pwani uliishi kwa ridhaa ya watu ambao nyumba zao za miti na udongo hazikuacha gofu.

Wenyeji wenyewe walilijua hilo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalitolewa na Carl Velten mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kuhusu Wazaramo na desturi zao katika mkusanyo uleule uliobeba habari za safari za mbali. Kwake Uzaramo ilikuwa mahali pa kwenda na kueleza. Inashangaza kwamba miaka mia moja na ushei baadaye, katika ziara zinazoanzia mji wake, Uzaramo ni mahali pa kupita tu.

Sheria na mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo linalindwa moja kwa moja, na la baadaye linahitaji kutangazwa na Waziri. Athari yake kwa Kisarawe na Kibaha ni kubwa, kwa kuwa karibu kila kitu cha mawe kilichopo huko ni cha baada ya hapo. Lakini wasomaji wa sheria hiyo mara nyingi husahau kwamba miongoni mwa vitu inavyovihesabu kuwa kumbukumbu ni maziko na majaa. Kwa hiyo hame la Wazaramo la karne ya 18, lenye makaburi yake na jaa lake la vigae, liko ndani ya sheria kama lilivyo msikiti wa Kaole. Kinachokosekana ni mtu wa kulionyesha na kulisajili. Bila kibao, uzio wala kiingilio, ulinzi wa kisheria hubaki kwenye karatasi.

Kisarawe: mawe yasiyotosha umri

Mwongozaji anayetaka kumpeleka mgeni Kisarawe hana upungufu wa mahali pa kusimama. Pugu, ambayo kiutawala sasa iko upande wa Dar es Salaam lakini kijiografia ni mwanzo wa vilima vya Kisarawe, ilikuwa kituo cha kwanza cha Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, walioanza kazi hapo mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa. Wamisionari watatu waliuawa, wengine walitekwa na baadaye wakakombolewa. Leo ni mahali pa hija. Walutheri wa misheni ya Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895. Katika miaka ya 1920 chuo cha Mtakatifu Andrea cha Waanglikana kilihamishwa kutoka Kiungani, Zanzibar, kuja Minaki. Na katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, Julius Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU.

Wingi huo wa misheni na shule una hatari yake. Ziara inayopangwa kwa vituo hivyo peke yake huifanya Kisarawe ianze mwaka 1888, na huwafanya Wazaramo waonekane kama wapokeaji wa mambo yaliyoletwa. Shambulio la 1889 husimuliwa kwa upande wa waliokufa, kwa kuwa wao ndio wenye mnara. Vivyo hivyo, Vita vya Majimaji huonyeshwa kusini, Songea na Kilwa, ilhali Kibasila wa Kisangire, kiongozi wa Wazaramo aliyepinga kilimo cha lazima cha pamba, alinyongwa na Wajerumani kwa sababu ya vita hivyohivyo. Shule ya sekondari jijini Dar es Salaam inabeba jina lake.

Mapango ya Pugu yanastahili neno la pekee, kwa kuwa ndiyo kivutio kinachotembelewa zaidi. Hayo ni machimbo ya udongo mweupe wa kaolini yaliyochimbwa wakati wa ukoloni. Popo wameyafanya makazi, na giza lake humpa mgeni hisia ya kitu cha kale mno. Mwongozaji asiyetofautisha machimbo na pango la asili hamdanganyi mgeni kwa makusudi, lakini anamnyima jambo bora zaidi, nalo ni kisa cha jasho la vibarua waliotoboa mlima ili kutoa malighafi. Kisa hicho ni historia halisi. Hakihitaji kuongezewa umri.

Kibaha na mahame mapya

Kibaha ina historia ya aina nyingine. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ilirudisha njia kuu katika Uzaramo kupitia Pugu, Soga na Ruvu. Baada ya uhuru, mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ulianzishwa hapo mwaka 1963 ukiunganisha shule, afya na kilimo, na ulikabidhiwa kwa serikali Januari 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Majengo yake ni ya kale kwa kizazi kilichosoma humo. Kwa sheria ya 1964 bado hayajafika popote.

Lakini kitu kizito zaidi hakionekani barabarani. Baada ya Nyerere kutangaza mnamo Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, kaya za Wazaramo na Wakwere zilizoishi zimetawanyika katikati ya miembe na minazi zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Hivyo serikali yenyewe ilizalisha mahame mengi katika muda mfupi. Alama zake zinasomeka kwa anayejua kuzisoma: miembe iliyopandwa kwa mzunguko mahali ambapo hapana nyumba, mkorosho mmoja mkubwa kando ya kichuguu, kisima kilichozibwa, na makaburi. Mzee aliyezaliwa hapo huweza kutembea na kuonyesha palipokuwa na mlango wa mama yake. Hakuna mwongozaji wa Bagamoyo anayeweza kufanya hivyo kwa msikiti wa Kaole.

Makaburi ndiyo kiini. Marja-Liisa Swantz, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1970, alieleza jinsi ibada na ishara za Wazaramo zilivyofungamana na ukoo wa upande wa mama, na sanamu ya mwana hiti, iliyotumiwa katika unyago na kuchongwa juu ya nguzo za makaburi, ni mojawapo ya ishara hizo. Nguzo nyingi za namna hiyo zimekwenda kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wa sanaa. Mgeni huweza kuona mwana hiti akiwa kwenye kabati la kioo, mbali na kaburi alilolilinda. Hapa neno ziara lenyewe linafaa kukumbukwa. Kabla ya kuwa neno la utalii, kuzuru kulimaanisha kwenda kaburini kwa heshima, kwa dua au kwa tambiko. Wazaramo wa Kibaha na Kisarawe wanaorudi kwenye mahame yao kwa ajili hiyo wamekuwa wakifanya ziara muda wote, na wana waongozaji wao.

Ukuaji wa jiji umeifanya hali hii kuwa ya dharura. Mashamba ya Kiluvya, Mlandizi na viunga vya mji wa Kisarawe hukatwa viwanja. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imeongeza thamani ya ardhi iliyo karibu na vituo vyake, Soga ikiwa mojawapo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi kuondolewa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na inatoa nafasi kwa wenye uhusiano na marehemu kujitokeza. Utaratibu huo unadhania kwamba wenye marehemu wanajulikana na wako karibu. Katika hame lililohamwa mwaka 1974, ambalo vijana wake wako Dar es Salaam na wazee wake wamekufa, kaburi lisilo na jiwe halina wa kulidai. Na hapo ndipo mwenye kiwanja kipya hulima juu yake bila kujua kwamba huenda alivunja kitu ambacho sheria ya 1964 ilikihesabu kuwa kumbukumbu.

Je, ziara za kuongozwa zingesaidia? Kwa upande mmoja, mahali panapotembelewa hupata jina, ramani na mashahidi, na ni vigumu zaidi kupasawazisha kimyakimya. Kwa upande mwingine, kaburi la ukoo likigeuzwa kituo cha kupigia picha hupoteza kilekile kilicholifanya lihifadhiwe. Makala haya hayaoni kwamba ubishi huu unaweza kumalizwa na wataalamu wa utalii peke yao. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongozaji awe na leseni, na leseni hiyo inamruhusu kufanya kazi. Haimpi idhini ya kuingia katika makaburi ya watu. Kaole ina kiingilio kinacholipwa kwa mamlaka inayoisimamia. Hame la Mlandizi au la Maneromango halina mlango wa kulipia, na mwenye haki ya kusema ndiyo au hapana ni mzee wa ukoo, huenda sasa akiwa mpangaji Mbagala au Gongo la Mboto. Mwaka 1857 msafara ulisimama Nzasa hadi wakuu walipofika na kuuliza wageni wanataka nini.